Nchi Wasikoitikia Wazee

Mkubwa ni nani: aliyetangulia kuzaliwa, au aliyeitikia alipoamkiwa? Ukimwuliza mtu aliyeshiba atakucheka. Atakwambia mkubwa ni mkubwa, una wazimu gani wewe. Lakini Mize alikuwa na swali hilo tangu asubuhi ile, limemkwama kooni kama mwiba wa samaki, na hadithi hii itakwisha bila ya mwiba kushuka. Basi tusijifanye tunakwenda kutembea. Tunakwenda kumtafuta mtoto aliyepotea, na kila tutakayekutana naye njiani mimi namshuku, na wewe nakuomba umshuku.

Aliyepotea ni Makame, mdogo wake Mize. Makame alikuwa na miaka tisa, Mize kumi na miwili, na katika nyumba yao palikuwa na vita vimoja visivyokwisha. Kila asubuhi Makame aliwaamkia watu wote: mama yake, mzee wa nyumba ya pili, muuza maziwa, na siku moja hata mbuzi, kwa mzaha. Mdomo wake haukuwa na uzito. Akifika kwa Mize, kimya. Anasimama kwa mguu mmoja, kidole gumba cha mguu wa pili kinajikuna shavu la mguu ule, anatazama paa. Mama yao, Bi Saumu, akimwambia amwamkie dada yake, jibu lilikuwa lile lile la jana na juzi: "Nimwamkie yeye? Kanizaa?" Na Mize, nasema kweli, alilitaka neno lile kuliko alivyotaka nguo ya sikukuu. Alitaka mtu mmoja tu duniani ainamishe kichwa mbele yake, apate kujua kwamba naye ni mkubwa.

Asubuhi ile waligombana karibu na kamba ya nguo. Bi Saumu alikuwa ameanika doti yake mpya ya kanga, vipande viwili bado havijakatwa, imepita juu ya kamba na kuanguka huku na huku, inachuruza maji. Watoto walikuwa wamekatazwa tangu wadogo wasipite katikati ya nguo mbichi. Hawakuambiwa kwa nini. Walidhani ni kwa ajili ya mikono yao michafu. Mize alimfukuza Makame ili amfinye. Makame akaingia mbio kati ya pande mbili za kanga, anacheka. Mize akazunguka upande wa pili amdake anapotoka. Hakutoka. Kicheko kilikuwa ndani, kisha kikawa mbali, kisha hakikuwako.

Mize akainua pindo la kanga. Aliona mchanga, na beseni la mama yake, na kuku mmoja. Akatazama jua. Doti ile ilikuwa nyepesi, na jua lilikuwa kali. Nguo ikikauka mama atakuja kuianua, na akiianua, mlango gani utabaki? Wazo hilo lilimjia lote kwa pamoja, hakulifikiri. Akainama, akaingia.

Akatokea uani kwao. Hivyo ndivyo ilivyoonekana, na hapo ndipo pa kwanza pa kushuku. Ua ulikuwa ule ule, ila umefagiliwa mno; mistari ya ufagio imenyooka mchangani na hakuna unyayo hata mmoja juu yake, wala wa aliyefagia. Palinukia udi, chetezo hakionekani. Nyuma yake kanga ilining'inia kama alivyoiacha, ina pindo lake, ina mji wake, lakini mahali pa jina palikuwa peupe. Mama yao alikuwa mtu wa kusimama dukani saa nzima akisoma majina ya kanga, akiwaza hili litamwambia nani nini. Kanga isiyo na jina ni nguo iliyoamua kunyamaza. Mize aliitazama, akasema moyoni: hapa kuna jambo halitaki kusemwa.

Bibi mmoja alikuwa anamsubiri mlangoni. Uso ulikuwa umejikunja wote, macho mepesi, bakora mkononi.

"Karibu, bibi yangu mdogo," alisema. "Umechelewa. Mimi ni Bi Mwaka."

Mize hakuwa amepiga hodi. Karibu iliyotangulia hodi haikumpendeza, lakini adabu ni adabu. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi."

Bi Mwaka hakuitikia. Kwao Mize, mzee asipoitikia ama umemkosea ama hakusikia. Bi Mwaka alikuwa amesikia vizuri, maana alitabasamu, na alisogea nyuma nusu hatua kama mtu aliyerushiwa maji. Kisha akainama yeye, kwa taabu, mifupa inalia, mpaka kilemba chake kikawa chini ya kidevu cha mtoto.

"Huku kwetu watoto ndio wakubwa," alisema. "Sisi ndio wa kuwaamkia. Shikamoo."

Kinywa cha Mize kilikuwa tayari kimefunguka. Usimwone mjanja, mimi simsifu kwa alilolifanya. Alikuwa amefunzwa mambo mawili kwa mkono wa mama yake: kwamba salamu usiiache bila jibu, na kwamba mtoto hamwitikii mzee marahaba, ni utovu wa adabu. Mafunzo mawili hayo yakakutana mlangoni pa mdomo wake, kila moja linataka kutoka kwanza, na hakuna lililotoka. Akabaki ameachama. Hakuokolewa na akili, aliokolewa na kubanana kwa adabu.

"Namtafuta mdogo wangu," alisema mwishowe. "Makame."

Tabasamu la Bi Mwaka halikuondoka, ila lilibaki peke yake usoni, macho yalikuwa yameshakwenda pengine. "Makame," alisema. "Mtoto ana adabu yule. Anaitikia vizuri sana."

Wakatoka uani. Njiani palikuwa na vitu ambavyo mtoto yeyote angevishangilia: mipapai iliyozaa mapapai madogo kama shanga, ukipita yanakufuata kwa kuviringika, paka waliotembea juu ya maji ya mfereji, vishada vinavyorushwa na upepo wenyewe bila mtu kushika uzi. Mize aliviona vyote kwa pembe ya jicho. Kitu kizuri kilichowekwa njiani, alifikiri, kimewekwa na nani, na anataka nitazame wapi ili nisitazame wapi?

Usiitikie. Nani kasema usiitikie? Hakuna aliyesema. Ni mimi. Mimi nani? Mize. Mize wa Bi Saumu. Usiitikie, Mize wa Bi Saumu. Kanga inakauka.

Walifika kwenye uwanja wenye baraza ndefu. Juu ya baraza palikuwa na viti, na juu ya viti walikaa watoto, kila mmoja na mto wa mahameli mgongoni na sinia la halua ubavuni. Mbele ya kila kiti wazee walipanga foleni. Mize alisimama karibu na kiti cha kwanza, alipokaa msichana mdogo kuliko yeye, meno ya mbele yametoka hayajaota mengine. Mzee mwenye miwani akainama. "Shikamoo, mkubwa wetu." Msichana akakunja mdomo kwa maringo. "Marahaba." Mzee akanyooka. Alinyooka zaidi ya alivyokuwa amenyooka kabla ya kuinama. Akavua miwani, akaitupa katika beseni kubwa lililojaa miwani, akaondoka anapiga mluzi. Na msichana pale kitini, kando ya jicho lake palikuwa na mkunjo ambao haukuwapo. Mwingine akainama. Shikamoo. Marahaba. Bakora ikatupwa juu ya lundo la bakora. Unywele wa msichana ukapiga mvi, na yeye anacheka kwa ule ule mdomo wake wenye pengo. Hakujua. Katika nchi ile yote hapakuwa na kioo.

Nataka kusimama hapa kidogo, hata kama kanga inakauka, kwa sababu jambo hili nimelizungusha kichwani miaka na sijalimaliza. Sote tumefundishwa kwamba anayeinama yuko chini na anayeinamiwa yuko juu. Tunamtazama mwenye kiti, tunasema huyo ndiye mwenye nchi. Lakini umemtazama mwanamke anayetoka kisimani na ndoo kichwani? Hawezi kuitua bila kuinama. Kuinama kwake si kunyenyekea, ni kutua. Huko alikokwenda Mize wakati haukwenda kama wetu. Ulipokezanwa, ukitoka kwa aliyeinama ukaingia kwa aliyeitikia, na heshima ilikuwa ndiyo kata ya kubebea. Walikuwa watu wa miaka mingi sana, na kila walipochoka na miaka yao walimtafuta mtoto, wakamkalisha pazuri, wakamwita mkubwa. Nami tangu nilipoisikia habari hii, mtu akinipa kiti kizuri, kwanza natazama amebeba nini. Unaweza kuniita mwenye dhana mbaya. Nimeitwa.

Mize alielewa. Hakuelewa kwa maneno kama haya yangu. Akamgeukia Bi Mwaka, akakuta mwanamke wa makamo, nywele nyeusi, bakora hana. Njiani, Mize akiwa ametazama paka, Bi Mwaka alikuwa amemwamkia mtoto fulani.

"Makame yuko wapi?" Mize aliuliza.

"Amepumzika. Wakishakuwa wakubwa sana tunawapumzisha ua wa nyuma." Bi Mwaka alitengeneza mtandio wake, sauti imekuwa ya kijana. "Mchukue, mama, hatumzuii mtu. Mchukue ukimjua."

Ua wa nyuma ulijaa wazee. Walikaa juu ya mikeka, wamevaa kanzu nzuri zilizopigwa pasi, migongo imepinda, na walipomwona Mize walisimama wote kwa pamoja.

"Shikamoo, dada Mize. Ni mimi Makame. Nina kovu hapa, nilikatwa na mkasi wa mama."

"Shikamoo, dada Mize. Usimsikilize huyo. Makame ni mimi. Ijumaa mama anapika boga la nazi, na wewe unakula langu."

"Shikamoo, dada. Mimi ndiye niliyemwamkia mbuzi."

Walijua kila kitu. Makame alikuwa mropokaji. Tangu alipokuwa kitini akila halua mpaka alipoletwa mikekani alikuwa amewasimulia nyumba yake yote, na sasa kila mmoja alikuwa amevaa kipande chake. Na Mize hakuweza hata kuwachukia, kwani aliona macho yao. Yalikuwa macho ya watoto. Hawa hawakuwa wazee wa nchi ile. Hawa walikuwa wamekaa vitini kabla ya Makame, kila mmoja kwao kuna mama aliyemwita chakula kikapoa. Walichotaka ni mtu mmoja tu aitikie, watue, waende zao. Neno ambalo Mize alilitamani maisha yake yote sasa lilimwagwa miguuni pake kama maji yaliyooshea vyombo.

Mmoja tu hakuja. Alikuwa amesimama peke yake amewapa mgongo, uso ukutani, kanzu inamburura. Alisimama kwa mguu mmoja. Kwa kidole gumba cha mguu wa pili alikuwa anajikuna shavu la mguu.

Mize akamwendea polepole. "Na wewe? Wenzako wote wameniamkia. Huniamkii?"

Yule mzee hakugeuka. Sauti ilikuwa nzito, imepasuka. "Nikuamkie wewe? Umenizaa?"

Mize alinyoosha mikono. Karibu amkumbatie, kisha akajizuia. Na hili je, Makame hakulisimulia? Mtu aliyesimulia boga atashindwa kusimulia hili? Labda huyu ni mjanja kuliko wote: wenzake wanavuta kwa kuita, yeye anavuta kwa kunyamaza.

"Kwa nini hutaki?" alimwuliza. "Niambie kwa nini."

Mzee aliuegemea ukuta. "Nimeona neno lile linafanya nini," alisema. "Nenda zako, Mize. Mama ataianua."

Mize akamshika mkono. Ulikuwa mkono mkavu, mishipa imetoka juu, na Mize aliushika bila kuuamini, akauvuta. Nyuma yao wale wengine walianza kulia kitoto kwa sauti za kizee, na kilio kile, alisema baadaye, ndicho kilichobaki naye kuliko vyote. Walikimbia, kama kule ni kukimbia. Mzee alikuwa na magoti ya mzee. Walipokata uwanjani Bi Mwaka alikuwa kwenye foleni, msichana kabisa, ameinama mbele ya kiti cha mtoto mpya, mvulana mnene wa miaka sita hivi, kinywa kimejaa halua.

"Usimwitikie," Mize alimwambia yule mtoto akipita. "Wewe mtoto. Meza halua yako unyamaze."

Mtoto akamtazama, akameza, akanyamaza. Bi Mwaka alibaki ameinama. Alirudia salamu, mara nyingine, na nyingine tena, kwa sauti tamu, kisha kwa sauti isiyo tamu. Hakuwa na nguvu ya kumlazimisha. Nchi ile yote ilisimama juu ya jibu moja la mtoto, na jibu halikuja. Mize hakungoja aone zaidi. Mbele yao kanga isiyo na jina ilikuwa imeacha kuchuruza, upepo unaipeperusha, nayo inapeperuka kama nguo kavu.

Bi Saumu alikuwa ameshika ncha yake, ameshaivuta nusu kutoka kwenye kamba, mwanawe alipotoka humo akimkokota mzee asiyemjua. Mwanamke mwenye adabu zake haulizi kwanza. Mzee ni mzee. Aliiachia kanga, akafunika nywele, akafungua kinywa aamkie.

Mize alimziba mdomo mama yake kwa kiganja.

Katika nyumba ile hakuna jambo baya kama hilo lililowahi kufanyika. Bi Saumu alikitoa kile kiganja, macho yamewaka, mkono wa pili umeshapanda wa kupiga. Mize alisema yote kwa haraka, viti, halua, miwani, kutua na kutuliwa, usimwamkie mama, amezoea kuitikia, akiitikia na yako anakufa. Ingekuwa wewe ungeamini? Mimi nisingeamini. Lakini Bi Saumu alikuwa hamsikilizi tena. Alikuwa anamtazama yule mzee, aliyesimama kwa mguu mmoja mchangani, anatazama paa.

Mkono uliopanda ukashuka. "Niamkie," alisema.

Mzee akatikisa kichwa.

"Niamkie, mwanangu. Kama kila siku."

"Mama," Mize alimshika kanga. "Na kama si yeye? Wanajua mambo yetu yote. Hata kujikuna pengine wamejifunza."

"Kama si yeye, basi atakuwa mtoto wa mwenzangu," alisema Bi Saumu. "Tutamtafutia kwao. Lakini hatoki hapa akiwa hivi."

Mize akautazama uso wa mama yake, na kwa mara ya kwanza akaona mikunjo iliyokuwapo siku zote. Kila asubuhi ya maisha yao walikuwa wamemwamkia, na kila asubuhi alikuwa ameitikia, jikoni, na moshi machoni, bila hata kugeuka. Hakuwa na nafasi kubwa iliyobaki. Miaka ya mzee yule yote ikimwangukia peke yake, kesho watamzika.

"Tuitikie wawili," Mize alisema.

"Wewe mtoto, Mize."

"Ndiyo maana nina nafasi."

Bi Saumu alitaka kukataa, akafungua mdomo, akaona hesabu ile haikataliki, akamshika binti yake mkono. Walisimama bega kwa bega mbele ya kamba ya nguo. Yule mzee aliwatazama mmoja mmoja, akalia, akakataa, akabembelezwa, akakataa tena, na mwisho Bi Saumu alimkemea kwa ile sauti ya kuitia watu kuoga. Ndipo alipoinamisha kichwa.

"Shikamooni."

"Marahaba," waliitikia pamoja.

Haikuuma. Ilikuwa kama kupokea ndoo iliyojaa kutoka kwenye kichwa cha mwingine. Shingo inajua kabla ya wewe kujua. Mize alihisi mgongo unarefuka, kifua kinajaa, kisha kitu kimechoka kidogo ndani ya viuno. Alipotazama chini, gauni lake lilikuwa limempasukia mabegani. Mkono alioushika ulikuwa mkono wa bibi kizee, na nywele za Bi Saumu zilikuwa nyeupe zote. Mbele yao ndani ya kanzu kubwa alisimama mvulana mdogo, ana uso wa Makame. Uso haukumtosha Mize. Alikwisha kuona nchi nzima inayobadili nyuso.

Asubuhi iliyofuata Mize aliamka mwanamke mzima. Utoto ambao haukuwa umeisha haukuwapo, na miaka iliyokuja mahali pake ilikuja mitupu, haina harusi ndani yake, haina rafiki, haina hata ugonjwa wa kukumbuka. Alikaa jikoni kuchochea uji, kwani mama yake hakuweza kuinuka. Watoto wawili wa jirani walipita mlangoni, wakamwona mtu mzima, wakainama. Shikamoo. Lile neno, hatimaye, kutoka kwa watoto wa watu. Aliwatazama mikono, akawatazama migongo, akashindwa kuitikia, na watoto wakaenda zao wakinong'ona kwamba mgeni wa Bi Saumu ana kiburi.

Kisha yule mvulana akaja. Alimwamkia muuza maziwa kutoka mbali, kwa kelele. Alimwamkia mzee wa nyumba ya pili. Akaingia jikoni, akasimama mbele ya Mize, na Mize akashika mwiko, asipumue.

"We Makame," mzee wa nyumba ya pili alisema kutoka nje, "mbona humwamkii huyo mama? Mtu mzima huyo."

Mvulana alisimama kwa mguu mmoja. Alitazama paa. Midomo ilikuwa inamtetemeka, akaibana, akaibana tena, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, na hakusema neno. Akachukua bakuli lake la uji, akapita.

Mize akainama juu ya moto. Ni yeye, alisema moyoni, ni yeye.